Wote Wamevuka

Kila Jumanne saa nne asubuhi Mwalimu Nuara, aliyefundisha michezo, alichora mistari miwili ya chaki uwanjani. Mmoja aliuchora karibu na mlingoti wa bendera, na wa pili hatua tisa mbele, upande wa ukuta wa nyuma. Hapo katikati, alisema, ni mto. Wanafunzi walikuwa na mbao tatu zilizorandwa na seremala wa mjini, na sharti lilikuwa moja tu: wavuke wote mpaka ukutani, kisha warudi wote, na mbao zao warudi nazo. Mmoja akikanyaga maji, wanaanza upya wote. Hakuna kumwacha mtu.

Mto wenyewe ulifika Jumanne ya tatu. Ulitokea chini ya ukuta wa mashariki, ukapita katikati ya mistari bila kufuta chaki, ukapotelea chini ya ukuta wa jikoni. Ulikuwa mto wa theluji, kama mito yote ya milima ya Kabilia mwezi wa pili, wenye vijiwe vyeupe kandokando. Dda Muhand, bawabu mzee wa shule, alitumbukiza ufagio wake kupima kina, na mpini ukazama wote.

"Mwalimu, maji ya barafu haya!" alipiga kelele Silya, mguu mmoja ubaoni.

"Ndiyo maana tuna mbao," alijibu Mwalimu Nuara. "Mshike mwenzako kiunoni. Usimshike nguo, nguo huchanika."

Walivuka wakarudi, wote ishirini na watatu, wakapiga makofi mpaka wapishi wakachungulia dirishani.

Wa ishirini na nne alikuwa Ghenima, na yeye alikuwa amekaa kwenye benchi la mawe chini ya ukuta wa nyuma, makoti ya darasa zima yakiwa mapajani. Alikuwa na cheti cha daktari cha kusamehewa michezo. Zamani nusu ya darasa walikuwa na vyeti hivyo, huyu pumu, yule mgongo, na vyote vilikuwa vya uongo, vilivyoombwa na mama zao kwa madaktari wa ukoo. Mchezo wa mto ulipoanza, wenye vyeti walivichana wenyewe na kukimbilia kwenye mstari. Cha Ghenima hakikuchanika. Kilikuwa cha kweli. Mwaka uliopita, wakati wa kuchuma zeituni, alianguka akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mkono ulipona kabla ya kiangazi, lakini karatasi ilisema amesamehewa mpaka apimwe tena, na nakala yake ilikuwa ofisini, ina muhuri.

Kengele ikalia. Darasa lilikuwa ng'ambo, na mbao pia.

"Malkia wa Makoti!" aliita Yuba, mpiga porojo wa darasa. "Rusha langu, na usilikunje!"

Ghenima akayarusha moja moja, akitaja jina la mwenyewe kila mara, na hakuna hata moja lililoanguka majini. Lilipobaki lake alilivaa, akafunga vifungo. Lango la shule lilikuwa upande wa pili. Upande wake kulikuwa na benchi, ukuta mrefu na stoo ya vifaa vya michezo.

Mwalimu Nuara alirudi peke yake, akatandika mbao, akavuka, akamshika mkono. Kiganja cha msichana kilikuwa cha moto kwa sababu ya yale makoti. Walikuwa wamepiga hatua mbili ubaoni dirisha la ofisi lilipofunguliwa, akatoa kichwa Bwana Arezki, msimamizi wa nidhamu.

"Nuara! Huyo ana cheti!"

"Namtoa tu, bwana. Aende nyumbani."

"Kuvuka ni mchezo au si mchezo? Wewe mwenyewe umeandika kwenye mpango wa masomo kwamba ni mchezo. Akiteleza, bima itamuuliza nani?"

Mwalimu Nuara alifikiri. Alikuwa ameandika hivyo, kwa mkono wake. Alimrudisha Ghenima benchini, akamwachia mkono pole pole, kidole kimoja baada ya kingine, akavuka na mbao zake.

Basi Ghenima akakaa huko. Alilala stoo, juu ya magodoro ya sarakasi, na shuka lake likawa kile kitambaa kikubwa cha rangi ambacho darasa hukishika pembe zote na kukirusha juu. Dda Muhand alimpelekea dengu za shule kwa ndoo na kamba. Masomo mengine aliyafuata kwa masikio, kupitia madirisha. Hesabu zilisikika vizuri. Jiografia ilimezwa na maji. Kila Alhamisi mama yake alisimama karibu na mlingoti na kumrushia aghrum, mkate wa nyumbani, uliofungwa kwa kitambaa pamoja na tini kavu.

"Umevaa soksi?"

"Nimevaa, Yemma."

"Mbili mbili?"

"Mbili mbili."

Na kila Jumanne darasa lilivuka mpaka kwake. Kwa dakika kumi ukuta ulijaa watu, vicheko na harufu ya jasho. Siku moja alimwambia Silya, aliyekuwa akikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, "Nishike mkono, twende wote."

"Kaa, mgonjwa wetu," Silya alisema, akicheka lakini akiangalia mbao. "Ukianguka tutaanza upya sote kwa sababu yako." Akamvisha skafu yake shingoni, kisha akashika kiuno cha aliyemtangulia.

Mwezi wa nne alikuja daktari wa shule, anayekuja mara moja kwa mwaka. Alisimama ukingoni na mkoba wake.

"Inua mkono, binti yangu. Kunja. Zungusha. Unauma?"

"Hauumi, daktari!"

"Eti nini?"

"Hauumi!"

"Mto huu una kelele," daktari alimwambia Mwalimu Nuara. "Nami siwezi kutia sahihi mkono ambao sikuushika."

"Mbao hizi hapa, daktari. Ni hatua tisa tu."

"Mimi goti langu lina cheti," alisema daktari. Akaandika, kwa tahadhari, asamehewe mwaka mmoja zaidi.

Ikafika Jumanne ya wiki iliyofuata. Mkaguzi alikuwa ametoka mkoani kuuona mto, na alisimama kando ya Bwana Arezki akiandika kwamba somo linawafunza watoto kutoachana. Darasa lilivuka, likamwachia Ghenima makoti, likapumzika ukutani, likarudi. Silya alikuwa wa mwisho, na ndiye aliyevuta ubao wa tatu. Mwalimu Nuara alipuliza kipenga.

"Mmetimia?"

"Wote!"

Ghenima alishtuka kidogo kusikia kwamba na yeye ameitikia. Sauti yake ilikuwa imevuka vizuri, na mkaguzi aliinua kichwa, kisha akaendelea kuandika. Upepo ulikuwa ukishuka mlimani, na wenzake walikuwa wameshaanza kujikumbatia kwa baridi. Akachukua koti la juu, la Yuba, akalikunjua, akarudi nyuma hatua mbili ili alirushe mbali.