Daraja Lililoanguka Bila Kuonekana

Saa nne asubuhi daraja lilianguka tena, na kwa mara nyingine hakuna aliyeliona.

Kwenye skrini ya chumba cha kuhariria filamu lilipita jicho la shujaa, likaja tairi, mdomo wa shujaa, moto, kisha shujaa mzima, amelowa chapachapa lakini nywele zimechanwa. Kila kipande kilidumu muda wa kupiga chafya. Juu ya hayo, mwongozaji, ambaye mafundi walimwita Tetemeko akiwapa mgongo, alikuwa ameongeza mtikisiko wa kamera na rangi ya chungwa. Wahanga wa mafuriko walionekana kama wametoka kukaangwa.

"Mtazamaji asipate nafasi ya kupumua," alisema Tetemeko.

"Wala ya kuona," alijibu mhariri.

"Dada, mafuriko hayasubiri mtu."

Daraja lenyewe lilijengwa na kaka yake mhariri, seremala, kwa vijiti alivyovisugua kimoja kimoja. Lilikuwa refu kama meza ya chakula, na maji yalilibomoa mbele ya kamera mara moja tu. Lilianguka kwa adabu zake: nguzo ya kati ilipinda, barabara ikafuata, magari yakateleza moja baada ya jingine. Mhariri alimwahidi kaka yake kwamba kazi hiyo itaonekana. Mpaka sasa ilikuwa imeonekana kama vumbi.

Tetemeko hakuwaamini wahakiki. Filamu zake zote alizipima kwa mama mkwe, mtu mpole ambaye hajawahi kukosa la kusifu. Siku hiyo naye aliketi, mkoba magotini, akatazama kipande chote cha mafuriko.

"Hongera, baba. Imenitia kizunguzungu kizuri."

"Asante, mama."

"Sasa hawa watu wanakimbia nini?"

"Daraja limeanguka, mama."

"Lini?"

"Hapo hapo. Labda ulipepesa macho."

"Sikupepesa, baba. Niliogopa kupitwa."

Mtu habishani na mkwewe. Tetemeko akamgeukia mhariri, ambaye kubishana naye si mwiko. "Tuongeze sauti. Shujaa apige kelele: 'Daraja limeanguka!'"

"Vizuri, bosi. Tutaiuza redioni."

Mhariri akaweka picha nzima ya daraja, bila mkato, bila mtikisiko, bila chungwa. Nguzo ilipopinda, mama mkwe alishika mkono wa kiti. Gari la mwisho lilipoteleza alisema, "Mungu wangu, na watoto wamo!"

Watoto hawakuwamo. Yalikuwa magari ya kuchezea.

"Unaona?" Tetemeko alimwambia mhariri kwa ukali. "Siku zote nasema, acheni picha ijieleze!"

"Nadhani ulikuwa ukisema kimoyomoyo, bosi."

Tetemeko akatoka kumsindikiza mkwewe. Mhariri aliing'oa mikato yote, akaliweka daraja zima mahali pake, akampigia kaka yake.

"Wameliacha lionekane?" aliuliza seremala.

"Lote. Mpaka gari la mwisho."

Tetemeko aliporudi kutoka getini, kipande kile kilikuwa kimeshafika kwa fundi wa sauti, ambako picha haikatwi tena.