Kidonge Kisichoitwa Dawa

"Shuka hili nimelipiga pasi mimi," Mama Pasi alimwambia muuguzi, akipapasa pindo lake kwa kidole gumba. "Mwingine angeiacha kona hii ijikunje."

Muuguzi, binti mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu, alikuwa akitundika chupa ya maji kwenye chuma cha dripu kando ya kitanda. Alicheka, akasema hata gauni lake la kazi lilitoka kwenye meza ileile ya pasi. Mama Pasi alishajua. Kwa jicho moja tu, maana la kushoto lilikuwa limevimba na kujifunga, alikuwa amekwisha kagua kola, mabega na mikunjo ya mgongoni, akaridhika. Tangu alazwe asubuhi hiyo, katika hospitali hiyohiyo aliyoifanyia kazi ujana wake wote, hakuna sare iliyopita mbele yake bila kukaguliwa.

Ugonjwa wenyewe ulianza kama mwasho juu ya nyusi. Wenzake wa chumba cha kufulia walisema ni joto la pasi, naye akajikaza kisabuni, akaendelea na kazi huku upande mmoja wa uso ukimwaka moto. Malengelenge yalipotambaa kutoka kwenye kipaji cha uso hadi ncha ya pua, na kila taa ikaanza kuonekana kama imefunikwa na mvuke, ndipo alipokubali kuvuka ua na kuingia wodini kama mgonjwa. Mkanda wa jeshi, daktari alisema, na umefika kwenye jicho. Hakumficha kwamba jicho lingeweza kupotea. Dawa ya kuzuia virusi ilipaswa kuingia kwenye mshipa siku hiyohiyo.

Watu wengi hudhani kupiga pasi ni kazi ya mikono. Waacheni wadhani hivyo. Mama Pasi alijua kitambaa kinakaribia kuungua kwa kukitazama tu, kabla pua haijasikia harufu. Alijua wanga umekolea wapi na umepungua wapi. Mwenye jicho moja anaweza kunyoosha mashuka na foronya mpaka azeeke, na hakuna atakayemlaumu. Lakini gauni la muuguzi, lenye mikunjo myembamba inayopaswa kushuka mgongoni bila kupishana, hilo lilikuwa lake peke yake, na hakuwa tayari kumwachia mtu.

Muuguzi alivuta kiti, akakaa. Alisema kabla hajaifungua dawa, angependa mwenye mwili aijue, maana si kila kitu kiingiacho kwenye mshipa ni cha kuchezea. Dawa ingevizuia virusi visiendelee kuzaana. Isingefuta makovu, na isingeondoa maumivu papo hapo. Ingetiririka polepole, na asije akaona uchovu akafungua kidude cha dripu ili iishe upesi. Mkono ukichoma au ukivimba pale ilipochomekwa sindano, aseme. Akiwashwa mwili, akivimba midomo, akihisi kizunguzungu au akaanza kuona watu wasiokuwepo, aseme.

"Nikimwona marehemu mume wangu je?" aliuliza Mama Pasi.

"Niite kabla hujamjibu."

Walicheka wote wawili. Kisha muuguzi akaacha kucheka. Dawa hii, alisema, hutoka mwilini kwa kupitia kwenye figo, na figo zikiwa kavu inaweza kuganda humo chembechembe na kuzijeruhi. Ndiyo maana alitaka kujua mambo mawili. Je, amekunywa maji ya kutosha? Na kuna dawa nyingine yoyote anayotumia, ya hospitali, ya dukani au ya mitishamba?

Mama Pasi akajibu kwa fahari kwamba yeye si mtu wa dawa. Maji alikunywa, ndiyo.

Muuguzi akamshukuru. Alieleza kwamba damu yake ilikwisha pelekwa maabara na majibu yalikuwa bado, lakini daktari alisema kama mgonjwa hana tatizo la figo wala hatumii dawa yoyote, waanze, jicho lisicheleweshwe. Akaondoka kwenda kuchanganya dawa.

Hapo ndipo Povu alipoingia. Povu ni yule mama mnene wa mashine za kufulia, aliyepewa jina hilo kwa sababu huingia mahali kwa fujo na kuondoka bila kuacha alama. Siku hiyo aliingia kwa kunyata. Akainama, akambusu mwenzake upande wa uso usiouma, kisha akamtia kiganjani kijikaratasi kilichosokotwa.

"Mafuta ya mashine," alinong'ona. "Najua mgongo umekukaba, kulala tu namna hii."

Ndani ya karatasi kulikuwa na vidonge vya maumivu. Katika chumba cha kufulia kila mtu alivimeza, asubuhi kimoja kabla ya kushika pasi na kingine mchana, na mwezi wa kazi nyingi hata zaidi. Hakuna aliyeviita dawa. Dawa ni kitu cha mgonjwa, na wao hawakuwa wagonjwa, walikuwa wafanyakazi. Walivitaja kama walivyotaja sabuni na wanga. Kuhusu maji, huko hawanywi mpaka kazi iishe, kwa sababu mpiga pasi anywaye maji hutoka jasho, na tone la jasho likianguka kwenye sare yenye wanga huacha doa la duara ambalo halitoki mpaka nguo irudi tena majini. Mama Pasi ndiye aliyewafundisha wengine. Alikuwa akijisifu kwamba anaweza kumaliza rundo zima na midomo mikavu kama karatasi.

Alivitazama vidonge.

"Ameniuliza kama natumia dawa," alisema taratibu.

"Ukasemaje?"

"Nikasema mimi si mtu wa dawa."

"Si ndiyo kweli," alisema Povu, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Mama Pasi akamweleza habari ya figo. Povu alisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa kitandani, akalikunjakunja shuka lote. Aliona mambo mawili, akayasema yote. Kwanza, wakubwa wangepata habari za vidonge, na chumba kizima kingeitwa kukemewa. La pili alilisema akimshika mwenzake mkono.

"Ukisema, hawakupi hiyo dawa leo. Nao wakichelewa, jicho ndiyo basi. Nyamaza, dada yangu. Kunywa maji mengi sasa hivi, Mungu atasaidia."

Lilikuwa shauri la mtu anayempenda, na Mama Pasi alilipima kweli. Alijiona ameketi upande wa mashuka, akiwasikia wengine wakibishana juu ya mikunjo ya magauni, na yeye haulizwi. Alitamani sana kunyamaza. Dripu ilikuwa inadondosha maji safi tu bado, na kulikuwa na nafasi ya kusema au kuyameza maneno.

Lakini kwenye ile meza ya pasi kulikuwa na sheria, naye ndiye aliyeitunga, tena kwa ugomvi mkubwa. Mahali pengi nguo ikiungua hukunjwa, sehemu iliyoungua ikafichwa ndani, na mwenyewe aje kuigundua nyumbani. Mezani kwake nguo iliyoungua haikunjwi. Hutandazwa wazi juu ya rundo, alama ikitazama dari, mpaka mwenyewe aje aione. Wengine walimwona mkorofi. Wapo walioacha kumsemesha kwa muda. Hata hivyo wauguzi walikuwa wakizichukua sare zao bila kuzikunjua, wakazivaa moja kwa moja. Jambo hilo lilimfanya atembee kifua mbele kuliko sifa yoyote aliyowahi kupewa.

Muuguzi akarudi na chupa ndogo ya dawa kwenye trei. Akasoma jina kwenye kitambulisho cha mkononi, akashika mpira wa dripu.

"Mwanangu, ngoja kwanza," alisema Mama Pasi. "Nilikujibu vibaya."

Akafungua kiganja. Alieleza yote bila kujitetea. Vidonge, tangu lini, na kwamba jana tu, uso ulipokuwa ukiwaka, alimeza zaidi ya kawaida yake. Akasema na habari ya maji, kwamba tangu jana asubuhi alikuwa amegusisha midomo tu. Povu aliangalia dirishani kama mtu asiyehusika.

Muuguzi hakukaripia. Alivigeuza vidonge, akaviangalia upande mmoja na wa pili, akairudisha dawa kwenye trei. Alisema vidonge hivi, vikimezwa na mtu mkavu, huzielemea figo hata bila dawa nyingine juu yake.

"Kwa hiyo sipati?"

"Utapata, mama. Tutaanza na maji. Nampigia daktari, na maabara watanipa majibu yako hata kama ni kwa kuwasimamia." Akavifunga vidonge kwenye karatasi yao. "Wengi hawaniambii. Nashukuru."

Ilikuwa saa ndefu. Maji yaliingia kwa mshipa, mengine kwa kikombe, na Mama Pasi aliyanywa kwa shida kama mtu anayejifunza. Jicho lilimpwita. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza kichwa kizima kuangalia. Daktari alikuja mwenyewe na majibu mkononi. Figo zilikuwa zimechoka, alisema, hazijaharibika. Angepunguza kipimo cha dawa kiendane nazo, vidonge vile visahaulike, na mgongo utafutiwa njia nyingine. Kama dawa ingeingia pale mwanzo kwa kipimo cha kwanza, asingependa kufikiria. Akasaini, na dawa ikaanza kutiririka polepole kama ilivyoahidiwa.

Povu alifuta machozi kwa ncha ya aproni, akasema ni mvuke. Kisha akatangaza kwamba kesho ataweka ndoo ya maji ya kunywa katikati ya chumba cha kufulia, na atakayelalamika kuhusu jasho aje azungumze naye.

Dawa ilipokwisha, muuguzi akaleta jagi la plastiki lenye mistari ubavuni. Mkojo wote upimwe, alisema, ndiyo njia ya kujua figo zimekubali. Mama Pasi alilipokea kwa aibu, akaenda chooni akisukuma chuma cha dripu, gurudumu moja likilalamika njia nzima.

Alipotoka, ukumbi ulikuwa umejaa watu waliokuja kuona wagonjwa. Povu alimsubiri na kitambaa mkononi.

"Funika basi, watu wanaona."

"Waone. Hii ni kazi yangu ya leo."

Akapita katikati yao, mgongo wima, jagi limeshikwa mbele. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamfinya. Kwenye dirisha la mwisho Mama Pasi akasimama, akaliinua jagi kwenye mwanga na kuusoma mstari kwa jicho zima. Ulikuwa juu kuliko alivyotarajia. Kisha akalifumba jicho hilo, akaanza kulilazimisha lile lililovimba kufunguka, taratibu, mpaka kope zikaachana.

Mstari haukuonekana. Lakini aliliona dirisha, na mbele ya dirisha rangi ya njano, nyepesi na safi. Akaendelea kulishikilia jagi palepale juu, akisubiri kuona kama mstari nao utakuja.