Chupa Zilizomwita Kitinda

Siki humiminwa kwanza, kisha kokoto ndogondogo, halafu mdomo wa chupa huzibwa kwa kiganja na chupa hutikiswa karibu na sikio. Kokoto zikikimbia bila kukwama, tope limekwisha. Zikikwama, mtu huongeza siki na kuanza upya. Ndivyo Dada Mkubwa alivyofanya kila asubuhi kwenye ua wa nyuma, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake beseni la chupa kuukuu alizookota ufukweni. Mdogo wake, Kitinda, alikuwa msaidizi wa jina tu. Kazi yake ilikuwa kuloweka chupa akikumbuka, na hakuwa mtu wa kukumbuka.

Asubuhi hiyo Dada Mkubwa alitikisa chupa ya dawa ya rangi ya kahawia, na marehemu mama yao akasema kutoka ndani yake, "Kitinda mwanangu, umekula?"

Ilikuwa sauti yake hasa, pamoja na kile kikohozi chake cha mwisho wa sentensi. Dada Mkubwa, ambaye ndiye aliyemwogesha mama huyo, akamlisha na kumgeuza kitandani mpaka alipokata roho, aliongeza siki. Chupa ikauliza tena kama Kitinda amekula. Kitinda alikuwa amekula, na sahani alikuwa ameiacha palepale mezani.

Dada Mkubwa aliona wivu. Hakutaka makubwa. Alitaka mama amwite yeye, hata kwa kumgombeza, basi. Akachukua chupa ya kijani, akaisugua taratibu kuliko kawaida yake, akijiambia kuwa labda hii ni yake. Ya kijani ikasema Kitinda asitoke bila sweta. Ya bluu ikazisifia nywele za Kitinda. Kichupa cha wino kilitaja jina la Kitinda tu, maana ndani hakukuwa na nafasi ya zaidi.

Mama muuza manukato, mteja wao wa siku zote, alikuja kuchagua chupa zake. Alitega sikio kwenye kila moja.

"Hizi bado zinasema," alisema.

"Zikikauka zitanyamaza."

"Si mama yenu huyu?"

"Ndiye."

"Basi mwite mdogo wako, shoga. Anatafutwa."

Akachukua zilizo kimya, akaenda zake.

Dada Mkubwa hakumwita mtu. Alizificha zile zinazosema nyuma ya pipa la maji, akazifunika kwa gunia, akakaa kando yake kama anayelinda mahari. Baadaye akatupa jicho mlangoni, akaitoa ile ya kahawia, akaisogezea mdomo. Alibana sauti ikawa nyembamba, ya kudeka, kama ya mdogo wake.

"Abee, mama."

"Mkubwa, acha mchezo," mama akasema. "Niitie mwenzio."

Alikuwa ameitwa na kugombezwa, kama alivyotaka, na haikumsaidia kitu. Moyo ulimuuma vilevile. Akaondoa gunia, akamwita mwenzake.

Kitinda alitoka na kitana kichwani, akachuchumaa, akazijibu chupa moja baada ya nyingine. Ndiyo mama, nimekula. Sawa mama, nitavaa. Alicheka, akalia kidogo, akafuta machozi kwa upindo wa gauni la dada yake.

"Kumbe mama hajanisahau," alisema. "Na wewe amekwambia nini?"

"Amenisalimu," alijibu Dada Mkubwa.

Jibu hilo lilimgusa Kitinda, akaona aibu kukaa bure. Akanyoosha mkono kwenye beseni achukue chupa aisugue.

"We Kitinda, utajikata," mama akasema. "Mwachie dada yako."

Kitinda akaiacha. Alikuwa mtoto msikivu siku zote, hasa kwa maagizo ya namna hiyo. Akajipangusa mikono, akarudi ndani kumalizia nywele.

Dada Mkubwa akakaa tena juu ya ndoo, akavuta beseni.

"Mkubwa," mama akaita.

Safari hii aliacha kila kitu, akainama mpaka sikio likagusa kioo.

"Abee, mama."

"Kuna moja hapo imepasuka kitako. Itoe kwanza, mwenzio asije akaishika."

Dada Mkubwa aliitafuta, akaipata chini kabisa, akaitoa.