Mawifi Laki Tisa

Usiku wa jana niliota kiboksi cha intaneti kimeshuka ukutani, kimeketi kwenye mkeka wetu na kuniambia nisogee.

"Wewe wifi, na mimi wifi," kinasema. "Tusibaniane."

Nasogea. Mimi hata nikikanyagwa ndiye ninayeomba radhi.

Kaka yangu Hemedi huigiza vichekesho vya kwenye simu, hapa hapa Tanga, na wanawake laki tisa wanaomfuatilia wamejiita mawifi. Mkewe, Saumu, wanamsema watakavyo: kanenepa, kanuna, hajui kuvaa. Hawajampa hata kikombe cha uji. Wifi wa Saumu ni mimi, ninayemkanda kwa maji ya moto tangu ajifungue. Mtoto hajafika arobaini, na kwetu haonyeshwi kwa wageni mpaka siku hiyo, nami shangazi yake ndiye nitakayemtoa nje. Lakini Hemedi amewaahidi mawifi kwamba asubuhi atawaonyesha picha ya sura ya mtoto.

Kiboksi kinakonyeza taa zake za kijani, kisha kinafunguka. Mawifi wanatoka mmoja mmoja, wanavua viatu mlangoni kwa adabu. Viatu vinajaa baraza, vinafika barabarani. Wote wamevaa sare ya kanga yenye uso wa kaka yangu. Wananipita kama stuli. Mmoja anapima kitanda cha Saumu kwa futikamba, anamwambia ahamie ukutani kwa sababu kwenye video anamziba Hemedi.

Hemedi anakwenda chooni. Wanamfuata wote, kwa foleni.

"Sisi ni wafuasi," wananieleza.

Kaka anasema haidhuru, ni familia.

Nikigeuka, sebule imekuwa wodi ya wazazi na mimi ndiye mgeni. Mwenyekiti wao, Mwajabu, mwenye tiki ya bluu kwenye paji la uso, ananiuliza mimi nani.

"Dada yake Hemedi."

"Dada wa lini?"

"Wa kuzaliwa."

Wodi nzima inacheka. Mwajabu anasema wao wako naye tangu video ya kwanza. Ananiuliza kaka yangu anapenda rangi gani. Sijui. Najua kwamba anaogopa kuku, na akiwa na homa humwita marehemu mama. Wanashauriana, wanarudi na jibu: hayo hayajapostiwa, kwa hiyo si kweli.

"Umesoma masharti?" Mwajabu ananiuliza.

"Niliishia darasa la tano."

"Masharti yanaanza la sita."

Wanafungua mikoba, wanatoa makopa mekundu, yale ya mapenzi ya kwenye simu, na kuanza kumbandika mtoto. Kopa shavuni, kopa kifuani, kopa juu ya kopa. Kila mmoja anasema anampenda kuliko mwenzake. Mtoto anazama, pumzi inakuwa fupi.

Saumu anainua kichwa. "Wifi," anaita.

"Abee," wanaitika laki tisa.

Na mimi nimeitika, ila sauti yangu haikusikika hata na mimi mwenyewe.

"Wifi, mtoto amejinyea."

Mwajabu anatazama simu yake. Mwingine anafunga mkoba. Mmoja anauliza kama kuna mtu wa kazi.

Nainuka. Napita katikati yao, nambandua mtoto yale makopa, namwosha, namfunga nepi safi. Leo sioni haya. Nimekasirika.

"Asubuhi mnamtukana mama yake," nasema, na safari hii sauti inatoka. "Jioni mnataka kumbusu mtoto wake. Huo ni upendo gani? Mngekuwa mawifi mngejua kanga zake zinaanikwa wapi. Kaka yangu amewachekesha, nanyi mmecheka, hapo mmemalizana. Huyu mtoto hajawachekesha. Hana deni la sura yake kwa mtu yeyote."

"Kibibi, usinifukuzie watu," ananiambia Hemedi.

"Na wewe kaka, unagawa kisicho chako."

Hajawahi kunisikia nikisema hivyo. Anakaa juu ya ndoo.

Kiboksi kinakohoa. Kinasema ahadi ni ahadi, labda mtoto mwenyewe akatae.

Mtoto anafungua macho, ananitazama kama mtu mzima aliyechoshwa na kikao.

"Shangazi, niwape nini hawa?"

"Wape kisogo, mwanangu."

Anageuka, polepole, kwa heshima zote. Laki tisa wanatazama nywele chache na kibonde kidogo cha shingo. Wanarudi mlangoni kutafuta viatu, na wanagundua kwamba wote walikuja na vya kushoto.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Hemedi alikuwa amesimama katikati ya sebule, simu mkononi, uso umemkunjamana.

"Kibibi, umeigusa simu yangu?"

Nikamwambia sijaigusa. Akanipa nitazame.

Ni ile picha ya ahadi, aliyoipiga jana mchana, na mimi nilikuwepo. Saumu alimpakata mtoto, akamwelekeza uso mbele, kwenye kamera. Kwenye simu Saumu bado anatabasamu, mkono wake uko pale pale alipokishika kidevu cha mtoto.

Kidevu hakionekani. Kinachoonekana ni kisogo.