Kitufe cha Kukimbia

Vanessa hakuwa mtu wa kukaa. Hata alipochora, na kuchora kunataka makalio, mguu wake wa kulia ulicheza chini ya meza mpaka Roger akaweka kipande cha godoro sakafuni ili apate amani. Roger ndiye mwenye kibanda cha fotokopi na kuchaji simu karibu na soko la mji wa Baraka, kando ya ziwa. "Utatoboa simenti," alimwambia, "na mi sina ingine ya kuziba."

Wiki hiyo mguu ulikuwa na sababu. Vanessa Irankunda, miaka ishirini, alikuwa ametengeneza mchezo wa kompyuta peke yake, kwa miezi kumi na minne, kwenye mashine ya Roger iliyokosa herufi mbili. Badala ya kuilipia, alimchapia Roger barua za kuomba kazi za wateja wake. Atelier moja, karakana ndogo ya Kalemie inayotengeneza michezo, iliona mwanzo wa kazi yake ikaupenda. Wangempokea miezi sita, wamfundishe, wamlishe, wampe na kitanda. Sharti lilikuwa moja: kabla ya Jumamosi saa sita mchana awatumie video ya mtu mwingine, si yeye, akiucheza mchezo mpaka mwisho bila kuelekezwa. Mkuu wa atelier, mama aitwaye Arlette, alimwandikia kwamba mchezo ambao hakuna aliyeumaliza bado si mchezo.

Ilikuwa Alhamisi, na hakuna aliyeumaliza.

Mchezo uliitwa Mukaaji wa Chini. Chini ya ziwa amelala kiumbe mzee kuliko nyota, mwenye macho elfu moja na mia tatu, na yeyote atakayemwona akili zitamruka. Ndivyo unavyotangaza mwanzoni, kwa maandishi mekundu yanayochuruzika. Halafu unagundua kwamba wanaomwabudu wanashindwa kumwamsha kwa sababu karatasi yao haina muhuri, na mwenye muhuri amekwenda matangani Nundu. Kitabu chao kitakatifu kililiwa na mbuzi kuanzia ukurasa wa tatu. Silaha yako ni mwiko. Michezo mingine ya kutisha inakuhesabia akili zilizobaki. Huu unakuhesabia kichwa kinavyouma, na dawa yake ni kulala na kitambaa cha maji usoni. Vanessa alipoyaandika hayo alicheka peke yake kama kichaa, na wateja wa fotokopi wakawa wanasogeza viti mbali naye.

Unaanzia nyumbani. Vanessa alikuwa ameipamba nyumba hiyo kwa sufuria, godoro, redio na kuku mmoja mwekundu, na kwa mzaha tu akavifanya vibebeke. Havikuwa na kazi yoyote. Kisha unashuka ziwani, maji yanachemka, Mukaaji anainuka, na chini ya kioo cha kompyuta vinatokea vitufe viwili: Simama na Kimbia.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Norbert, motari wa kubeba abiria kwa pikipiki njia ya Fizi, mtu asiyeogopa lori wala mteremko. Kabla ya yote aliizunguka nyumba akakusanya sufuria, akakusanya godoro, akafukuza kuku mpaka akamkamata. Alipofika ziwani macho mia hivi yalikuwa yamefunguka. Norbert akabonyeza Kimbia hata muziki haujaanza. Kioo kikaandika: Umepona.

"Nimeshinda!" alisema, akapiga makofi.

"Haukushinda. Ulikimbia."

"Niko muzima, sufuria iko, kuku iko. Unataka nishinde namna gani tena?"

Baada ya Norbert alikuja Immaculée, fundi cherehani na mwimbaji wa kwaya, aliyerudi nyumbani mara mbili kwa ajili ya redio, kisha akakimbia. Walikuja wengine saba. Wote tisa walifanya mambo yaleyale: walifunga mizigo, wakachungulia ziwa, wakaondoka. Hakuna aliyesoma alichokuwa akisema Mukaaji. Miezi kumi na minne ya utani ilikuwa imelala pale chini haijaguswa na mtu, na Vanessa alizunguka kibanda akitafuna kucha, akikaa, akisimama, akikaa tena.

Ijumaa asubuhi akafanya jambo alilodhani ni la akili: akakiondoa kitufe cha Kimbia. Akamwita Norbert upya. Norbert akafika ziwani na mizigo yake, akakitafuta kitufe, akasogeza mshale pembe zote nne za kioo. Halafu akainuka kitini, akachukua kofia yake ya pikipiki, akatoka mbio yeye mwenyewe mpaka barabarani.

"Mutu anajenga nyumba bila mulango!" alipiga kelele kutoka nje. "We Vanessa, uko na roho mubaya!"

Watu barabarani walicheka, na Vanessa pia. Kisha aibu ikamshika. Katika mji huu, ambao karibu kila mtu aliwahi kukimbia vita, nani wa kumweleza mwenzake kwa nini mtu huangalia kwanza mlango uko wapi? Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kukimbia. Alikirudisha kitufe mahali pake, akalaza kichwa juu ya meza.

"Na mama yako je?" Roger aliuliza.

"Mama hajue kompyuta."

"Bale tisa banajua? Banajua kukimbia tu."

Mama yake, Consolate, alikuwa mkulima. Mwaka 2015 walikimbia machafuko Rumonge, ng'ambo ya ziwa, Vanessa akiwa na miaka kumi na mmoja. Walikaa kambini kwanza, kisha wakapanga chumba Baraka, na Consolate akapata shamba la mihogo la kukodi. Watu wa Baraka walimzoea, naye akawazoea, lakini nyuma ya mlango wake kulikuwa na begi la bluu lililofungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Alilifunga mwaka ule wa kwanza, hakulifungua tena. Habari mbaya ikishuka kutoka milimani, Minembwe au kwingine, alikwenda kuligusa kwanza, ndipo akauliza kilichotokea. Vanessa aliwahi kuuliza mna nini ndani. "Mambo ya njia," mama alijibu, na maongezi yakaishia hapo.

Consolate alikubali kuucheza mchezo, ila mpaka kwanza aanike ndagala, dagaa wa ziwani. Ndagala zile zilianikwa Jumamosi kwa utaratibu wa kumuua mtu. Alifika kibandani saa nne na nusu, vidole vinanuka samaki, akapangusa kiti, akakaa wima kama yuko kanisani. Vanessa akawasha mashine irekodi kioo na sauti. Roger akafunga mlango, akasema hakuna fotokopi mpaka saa sita, hata aje nani.

"Mi sitasema kitu," Vanessa alimwambia mama yake. "Ni kanuni yabo. Hata ukikosea, nitanyamaza."

"Utaweza?" mama aliuliza, akimtazama mguu.

Consolate alisoma shule miaka minne tu. Alisoma kwa kidole na kwa sauti, silabi baada ya silabi, na hakuruka neno. Alisoma mambo ya muhuri akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Alisoma mambo ya mbuzi na kitabu, akasema mwenye mbuzi alipe. Nyumbani akabeba vyote, sufuria, godoro, redio na kuku, na akarudi kuangalia chini ya kitanda kama kuna kilichosahaulika. Saa tano na dakika kumi ndipo alipofika ziwani. Vanessa alikuwa amekunja kipande cha godoro kwa vidole vya miguu mpaka kikachanika.

Maji yakachemka. Macho yakaanza kufunguka. Wanakijiji wa kuchorwa wakapita mbio na mizigo vichwani, na kitufe cha Kimbia kikawa kinawaka na kuzima. Kidole cha Consolate kikakwenda juu yake na kutulia. Alikuwa hajamaliza kusoma maneno ya Mukaaji.

"Mu-e-nde tu," alisoma. "Mi ni-ta-ba-ki na nyu-mba."

Vanessa alikumbuka siku ya mwaka jana alipoyaandika maneno hayo pale pale mezani na kuyachekea: jitu la kumeza ulimwengu, eti litawalindia watu nyumba. Alidhani ameyabuni. Sasa akayasikia kwa sauti ya mama yake, na mara moja akamwona bibi yake amesimama ufukweni Rumonge, kitenge kimelowa mpaka magotini, amekataa kupanda mtumbwi. Hayo ndiyo aliyosema. Miaka miwili baadaye alikufa, na habari ilikuja kwa simu ya jirani. Hakuna mtu wa kwao aliyemzika.

"Nani aliandika hii?" Consolate aliuliza bila kugeuka.

"Ni mi, Mama."

"Siku ile ulikuwa umelala ndani ya mutumbwi."

"Sikulala."

Kidole cha Consolate kikaondoka juu ya Kimbia.

"Namna gani banatua sufuria?"

Vanessa alifungua mdomo, akaufunga. Kanuni. Roger alikuwa amegeukia ukutani, ameuma kola ya shati lake. Consolate akagusa kitufe hiki, akagusa kile. Mhusika akageuka, akapunga mwiko, akajipiga nao kichwani. Saa ya ukutani ikafika tano na dakika ishirini. Mwishowe akakigusa kile kitufe alichobebea vitu, na sufuria ikashuka chini. Akatua redio, akatua godoro, akalinyoosha. Kuku akamwachia atembee. Akakigusa kitufe cha Simama.

Mukaaji akaendelea kusema. Vanessa alikuwa amemwandikia maneno mengi mno, kwa kuwa kwake huo ndio ulikuwa mzaha mkubwa kupita yote: kiumbe cha kutisha kinachotaka tu mtu wa kukisikiliza. Kilieleza jinsi nyota zilivyowekwa, tena zikawekwa vibaya. Kililalamikia magoti yake, ambayo yalikuwa themanini. Kilisema kila kinapoamka na kuuliza habari za asubuhi, watu wote wamekwisha kuondoka. Consolate alisoma kila neno, na kila baada ya mstari aliitikia kama anavyoitikia mgeni sebuleni. "Ehee." "Pole, muzee." "Themanini yote? Pole sana." Mahali pamoja alicheka hasa, akapiga paja. Mahali pengine alipangusa uso kwa kitenge kisha akaendelea, na Vanessa akatamani kumshika bega lakini aliogopa kuharibu.

Hatimaye Mukaaji akasema anasikia usingizi. Macho elfu moja na mia tatu yakaanza kujifunga, moja baada ya jingine, kwa sababu Vanessa alipochora aliona hilo nalo linachekesha. Sasa alitamani kujipiga makofi. Dakika nzima ikapita. Nje mtu aligonga mlango akitaka fotokopi.

"Wee, nyamaza!" Consolate alinong'ona kwa ukali. "Analala."

Jicho la mwisho likafumba, maji yakatulia, na kwa mara ya kwanza toka mchezo uwepo, kioo kikaandika: Mwisho. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Mtandao wa Baraka unajulikana, siusemi. Roger alipanda juu ya meza akaishika simu karibu na bati, na video ikaondoka zikiwa zimebaki dakika mbili.

Arlette alipiga simu Jumatatu. Alisema hajawahi kumwona mchezaji akimpa pole jini, na kwamba boti ya Kalemie inaondoka Alhamisi.

Vanessa alikimbia njia yote mpaka nyumbani. Mama yake alikuwa mlangoni akimenya mihogo. Alisikiliza habari, akafuta kisu, akamwita Mungu kwa Kirundi, akamkumbatia mpaka mbavu zikauma. Vanessa akaanza kuzunguka chumba akisema mambo kumi kwa pamoja, nguo zipi, atapata wapi begi, nani atamsaidia mama kubeba mihogo, labda asiende, labda aende miezi mitatu tu.

"We nenda tu," Consolate alisema. "Mi nitabaki na nyumba."

Mguu wa Vanessa ukasimama. Mwili wote ukasimama. Aliogopa, na ilikuwa hofu ya kweli, ile ambayo Mukaaji na macho yake yote hakuwahi kumtia.

"Mama, usiseme hivyo. Sema kitu ingine."

Consolate naye akasikia alichokisema. Akaketi kitandani, mikono mapajani. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akalivuta begi la bluu. Mpira ulikuwa umekauka, ulikatika alipougusa.

"Utahitaji begi," alisema, akalimwaga kitandani.

Kulikuwa na kisu, kibiriti kilichoungana kwa unyevu, karatasi ndani ya plastiki, sufuria ndogo. Na kulikuwa na viatu vya mpira, vyekundu, vipya kabisa, havijakanyaga udongo. Vanessa alikichukua kimoja akakipima kwenye mguu wake. Vidole viliingia, kisigino chote kikabaki nje. Vilikuwa vya mtoto wa miaka kumi na mmoja.

"Nilibiweka kama tutakimbia," mama alisema, "usitembee miguu tupu kama mara ile."

Kwa miaka tisa alikuwa ameshika begi hilo kila penye hatari, tayari kukimbia na mtoto ambaye hayupo tena. Vanessa alilia bila kujificha. Consolate alimwacha alie. Alikung'uta vumbi la begi nje ya mlango, akalirudisha tupu, akaanza kukunja nguo za binti yake moja moja, za Kalemie, polepole, kama alivyosoma.

Alipofika kwenye nguo ya mwisho alisimama, akafikiri.

"Ukirudi utanikuta," alisema.