Maua ya Juu ya Sinki

Mimi ukiniambia jambo haliwezekani, umeshanipa kazi. Mume wangu Curtis anasema huo ni ugonjwa, na kwamba angeujua mapema angeniambia haiwezekani kusafisha gereji. Ndiyo maana Novemba ile, theluji ikiwa imeshafika magotini, nilikuwa nimesimama jikoni na tupa ya kucha, nakwaruza mbegu za maua ya asubuhi ili niziloweke. Ganda la mbegu hizo ni gumu. Usipolikwaruza, litakaa ndani ya maji likikutazama tu.

Mbegu zenyewe zilikuwa za mama mkwe wangu, Alvina, mwenye miaka themanini na minane. Alikuja nazo kutoka shambani ndani ya soksi ya marehemu baba mkwe. Huko maua yake yalikuwa yakitambaa ukuta wa banda la maziwa kila kiangazi, buluu tupu, yakifunguka alfajiri watu wakienda kukamua na kujifumba kabla ya chakula cha mchana. Sasa shamba limeuzwa. Mama aliteleza mlangoni pa banda la kuku akavunja nyonga, na alipotoka hospitali akaja kwetu mjini Floodwood, katika kile chumba changu cha kushonea.

Hapa kwetu Minnesota mtu hakubali kitu mara ya kwanza. Ukimkaribisha kahawa atasema hapana, asante, usijisumbue. Ukimkaribisha tena atasema kweli, nimetoka kunywa sasa hivi. Ukimkaribisha mara ya tatu atasema basi, nusu kikombe tu, nawe utamjazia mpaka juu naye atakunywa chote. Kuishia mara ya pili ni kumwonyesha mgeni mlango.

Curtis alimwambia mama yake hospitalini, "Mama, njoo ukae kwetu moja kwa moja." Akajibu hapana, sitaki kuwapa taabu. Akamwambia tena garini. Akajibu hapana, nitakaa mpaka majira ya baridi yaishe, halafu mnipeleke nyumba ya wazee kule Cloquet. Na Curtis, mwanamume mzima aliyezaliwa na kulelewa hapahapa, akanyamaza.

"Hebu muulize tena," nilimwambia.

"Nimuulize nini tena? Mtu kashakataa mara mbili."

"Mbili, Curtis. Mbili."

"Hii siyo kahawa, Marlys. Mama anajua anachotaka."

Nilitamani kumpiga na mwiko. Mimi mwenyewe nilishamwomba Mama abaki, tena zaidi ya mara tatu, lakini maneno ya mkwe huhesabiwa kuwa adabu tu. Aliyekuwa akisubiriwa ni mwanawe. Nami nilimtaka yule mama nyumbani kwangu. Watu hawaamini nikisema hivyo, wanadhani najipendekeza. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa msichana, na kila ninachokijua kuhusu unga, watoto na wanaume wanaonuna, alinifundisha Alvina.

Basi asubuhi ile akaingia jikoni na fimbo yake, akachungulia bakuli.

"Unafanya nini na mbegu zangu?"

"Nataka kuzipanda hapa dirishani. Tupate maua mwezi wa pili."

"Hayo siyo maua ya ndani, Marlys. Yatakutolea majani tu."

"Yatachanua."

"Hayatachanua." Akavuta kiti akakaa. "Lakini haya, tuwekeane dau. Yakichanua kabla Curtis hajaegesha lori lake la kusukuma theluji msimu ukiisha, nitakaa hapa na hamtanisikia nikiitaja Cloquet. Yasipochanua, mnanipeleka, na mtu asinibembeleze."

Nilimpa mkono kabla hajabadili nia. Curtis alipoambiwa alicheka akasema sisi wawili ni watoto.

Nilizipanda kwenye chungu kikubwa juu ya sinki, kwenye dirisha pekee la nyumba yetu linalopata jua la maana wakati wa baridi. Nikafunga nyuzi kutoka kwenye chungu hadi fimbo ya pazia. Yakaota, na yalivyoota. Mmea huu ni ukoo mmoja na kiazi kitamu, na kama ukoo wenyewe, ukishapata pa kushika hauombi ruhusa. Kufikia Krismasi majani yalikuwa yameshafika juu ya pazia yakiwa na umbo la moyo, kila moja kubwa kuliko kiganja changu. Katikati ya Januari yalikuwa yamezunguka kabati la vikombe.

Ua, hakuna hata moja. Hata tumba la ua.

Curtis alijifurahisha sana. "Kabichi hii tunavuna lini?" aliuliza kila akikaa mezani. Siku nyingine alisema ukiondoka jikoni bila kuaga utakuta umefungwa miguu. Mama hakucheka wala hakunisema. Alitazama yale majani, akatazama nje, na mimi nikazidi kuumia.

Nilifanya yote ninayoyajua. Niliacha kabisa mbolea, maana mbolea hulisha majani. Nilipunguza maji. Niligeuza chungu. Nilijaribu hata kuyatishia, Mungu anisamehe.

Mwaka huo theluji ilianguka kama vile imelipwa. Curtis anaendesha lori la wilaya la kusukuma theluji, kwa hiyo karibu kila usiku alikuwa barabarani. Na nyumba yetu ina desturi moja: mtu wetu akiwa barabarani usiku, taa ya juu ya sinki haizimwi mpaka arudi. Desturi hiyo ni ya Alvina. Aliianza zamani mumewe alipokuwa akipeleka maziwa gizani, akanirithisha siku niliyoolewa. Alipohamia kwetu akainyakua tena. Ikifika saa kumi na moja jioni alijikongoja hadi kwenye sinki, akapenyeza mkono kati ya majani, akawasha. Ndiyo ilikuwa kazi yake pekee humu ndani, kwa sababu zile nyingine zote nilimnyang'anya.

Hilo sikuliona wakati ule. Kila aliponyanyua kikombe nilikidaka. Alipofungua droo ya visu nilisema, "Kaa tu, Mama, pumzika." Nilidhani namuenzi. Naye alikaa akapumzika, mikono mapajani, mwanamke aliyekamua ng'ombe thelathini kwa siku.

Mwanzoni mwa Februari nilimkuta chumbani kwake na sanduku wazi kitandani. Alikuwa amekwisha kulaza ndani sweta zake na lile blanketi lake zito la viraka, alilolishona kwa suruali kuukuu za sufu za mumewe.

"Mapema yote hii, Mama?"

"Sitaki kuja kukimbizana dakika za mwisho," akasema.

Nilirudi jikoni nikalia kidogo, nikiwa nimeyapa mgongo yale majani.

Wiki hiyohiyo nikaungua. Nafanya kazi jiko la shule, na sufuria ya mchuzi iliteleza ikanimwagikia mkono wa kulia. Daktari akaufunga bandeji mpaka kwenye kiwiko, akasema nisiushughulishe. Nikafika nyumbani nikasimama katikati ya jikoni nikiwa sina maana yoyote.

Mama alinitazama. Kisha akaning'iniza fimbo yake kwenye mpini wa oveni.

"Kaa tu, Marlys," akasema. "Pumzika."

Alichukua jiko zima. Alimenya viazi huku akininanga kwa visu vyangu butu. Alioka mkate, akahamisha chumvi kutoka pale nilipoiweka kwa miaka ishirini na mitano akaipeleka mahali pa akili zaidi. Alimtuma Curtis kuni, akamrudisha avue viatu. Alitupikia kuku na viazi vya oveni, na Curtis akajisahau akasema hajala hivyo tangu aoe. Nilimtupia kitambaa cha vyombo kwa mkono wa kushoto. Mama akacheka mpaka akashika meza. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu shamba liuzwe, na nikaelewa ujinga wangu wote kwa mara moja. Bandeji ilipofunguliwa niliendelea kulalamika kwamba mkono unauma.

Ndipo lile blanketi likatokea. Jioni moja, baada ya kuwasha taa, Mama alilitoa sandukuni akalileta jikoni, akaniambia nilitundike kwenye fimbo ya pazia ili lifunike mmea wote.

"La nini, Mama?"

"Linanuka sanduku. Lipunge hewa."

Asubuhi, jua lilipotoka, akaniambia nilishushe. Jioni yake likataka kupunga hewa tena. Na kesho yake. Curtis aliuliza kama blanketi hilo lina pumu. Mama akasema dirisha linapitisha baridi, halafu akabadilisha mazungumzo. Hapa kwetu mtu akishakupa sababu mbili za jambo moja, adabu inakutaka usiombe ya tatu, basi nikawa nalitundika na kulishusha. Moyoni nilidhani anaupa mmea sanda.

Mwanzoni mwa Machi nilikuwa naosha vikombe nikaona kitu kwenye kwapa la jani. Kilikuwa kimesokotwa kama ncha ya mwavuli uliofungwa. Nikatafuta zaidi, nikakuta vingine, tena vingine. Sikupiga kelele. Nilimwita Curtis kwa kidole.

Akainama akatazama. "Kumbe," akasema. Halafu akakuna kidevu. "Unajua, kule nyumbani upande mmoja wa banda la maziwa hayakuwa yanachanua. Ule uliokuwa chini ya taa ya uani. Majani tele, maua hakuna. Mama alikuwa anasema hayo maua yanataka giza refu, usipoyapa usiku wake hayakupi asubuhi yake. Mwishowe akawa anatundika magunia ya ngano jioni."

Niliweka kikombe chini polepole.

"Alikuwa anasema nani?"

"Mama."

Basi alijua. Tangu siku ya bakuli na tupa ya kucha alijua kwamba atawasha taa kila jioni kwa ajili ya mwanawe, na kwamba taa itayazuia maua, na kwamba mimi nitashindwa. Aliweka sharti ambalo jibu lake lilikuwa Cloquet. Halafu akamenya viazi vyangu wiki mbili, akabadili nia, na kwa kuwa mtu wa kwetu hawezi kusema nimebadili nia, akatundika blanketi. Nilitaka kumkimbilia chumbani nimkumbatie nimwambie nimekujua. Badala yake nikafunga mdomo, jambo ambalo Curtis atakuapia haliwezekani.

Yalichanua asubuhi ya Jumapili. Niliposhusha blanketi yalikuwa manne, buluu ileile ya banda la maziwa, membamba kiasi kwamba theluji ya nje ilionekana kupitia kwenye petali zake. Mama alikuwa amekwisha kukaa mezani, nywele zimechanwa, amevaa sweta nzuri. Aliyatazama moja moja.

"Madogo," akasema.

"Madogo," nikakubali. Machozi yalikuwa yananitoka nami sikuyafuta.

Curtis akaingia kutoka barabarani, nyusi zina barafu. Akaona maua, akamwona mama yake, akaniona mimi. Akavua kofia akakaa. Nikamimina kahawa. Curtis alikuwa anapuliza kikombe chake, mtu huyu, anapuliza tu, mpaka nikampiga teke mguuni chini ya meza.

"Mama," akasema.

"Nini?"

"Mambo ya maua tuyaache. Hata yasingechanua." Akakohoa. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Ningependa ukae hapa. Nakuomba. Nilitakiwa nikuulize tena siku ile ndani ya gari, nikaogopa utakataa kwelikweli."

Mama alizungusha kikombe chake kwenye kisahani. Alikizungusha taratibu, akakitazama kama vile ni mara yake ya kwanza kukiona.

"Basi," akasema, "kama siyo usumbufu. Kwa siku chache tu."

Curtis akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso kwa kofia ileile yenye barafu. Mimi nikachukua birika nikamjazia Mama kikombe mpaka juu kabisa, naye akakinywa chote.

Kabla ya chakula cha mchana maua yalikuwa yameshajifumba. Jioni theluji ikaanza upya, Curtis akavaa buti akatoka. Mama akapenyeza mkono kati ya majani akawasha taa, mimi nikalitundika blanketi bila kuulizwa, wala hakuna aliyesema neno juu ya kupunga hewa. Kisha akaniambia nisogee, nimemzibia viazi vyake.