Jogoo wa Nakuru Alivyofika Isiolo

Nanjala ndiye aliyelileta neno lile kwenye mashine ya posho hapo Lumakanda, na Maximilla alipotoka na unga wake kichwani, neno nalo alitoka nalo. Kwamba kuna wasichana wawili, watoto wa watu, walikwenda kutembea tu, wakashuka Isiolo, wakanunua chai, na hadi leo. Nanjala hakumaliza. Alisema "hadi leo" akapangusa unga kwenye nyusi, na wanawake wote kwenye foleni wakaguna kwa pamoja.

Maximilla angelisahau, kama alivyosahau mengine ya Nanjala, lakini lilimkuta na mtoto. Wiki hiyohiyo binti yake Mideva alikuwa amerudi nyumbani kwa likizo kutoka duka la dawa za mifugo alikofanya kazi mjini Kakamega, na alikuwa na jambo moja tu kichwani: alitaka kuzunguka aione Kenya. Hakuwa anakwenda harusi wala matanga. Alitaka kuiona tu. Angeenda na Chepkirui, msichana wa shamba la jirani, aliyesoma naye tangu nasari. Wakaketi jikoni wakitaja miji kama watu wanaochagua kitambaa dukani. Nyahururu kuna maporomoko. Nanyuki unauona mlima ukiwa bado kitandani. Isiolo ndiko joto la kaskazini linakoanzia. Marsabit kuna msitu umekaa juu ya mlima, na jangwa limeuzunguka pande zote.

"Rudia huo wa tatu," Maximilla akasema, mwiko mkononi.

"Isiolo."

"Hapana."

"Hapana nini, mama?"

"Nanyuki tuna Jairus. Huko kuna nani wetu?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Wazazi wa Maximilla na wa mumewe Elkanah walitoka Maragoli kuja kwenye skimu ya Lugari wakati mashamba ya wazungu yalipokatwakatwa, na watoto wao na wajukuu wao wakatapakaa tena kutafuta kazi. Kwa hiyo ramani ya Kenya aliyokuwa nayo Maximilla kichwani haikuwa na milima wala barabara. Ilikuwa na majiko. Nakuru palikuwa na jiko la senje Musimbi, shangazi yake Mideva, dada yake Elkanah. Nanyuki palikuwa na jiko la Jairus, binamu yake Elkanah, anayefanya kazi kwenye shamba la maua. Mji ambao hakuna mtu wa kukuchinjia kuku, kwake haukuwa mji. Ulikuwa pengo tu ambalo gari hupita vioo vikiwa vimefungwa.

"Sasa waende mbali hivyo kumtazama Jairus?" Elkanah akauliza kutoka mlangoni, akivua gambuti. "Jairus tangu zamani si wa kutazamwa."

"Wewe nyamaza. Wewe hukusikia yale niliyosikia."

"Kwa Nanjala?"

Maximilla akaupiga ugali mwiko. Wakabishana hadi ugali ukapoa, na mwisho wake wasichana wakakubali ramani ya majiko. Nakuru kwa senje, kisha Nanyuki kwa Jairus, na Nanyuki ndiyo mwisho. Isiolo ikafutwa, na Marsabit iliyo mbele yake ikafutika yenyewe. Siku ya kuondoka mama mtu aliwasindikiza hadi barabarani, na maneno yake ya mwisho alimwambia Mideva kwa lugha ya nyumbani ili yaingie vizuri: wasile cha mtu wasiyemjua, wasiongee na watu, na wakipotea watafute mtu anayezungumza kama wao. Huyo hawezi kuwatupa.

Senje Musimbi aliwapokea kama mvua. Siku ya kwanza alichinja kuku. Siku ya pili wasichana walipoomba kwenda kuona ziwa, senje aliuliza kama ziwa hilo ndilo limewapikia. Siku ya tatu waliona picha za mahafali za watoto wake wote, na albamu ilipoisha wakaonyeshwa tena kutoka nyuma. Waliokolewa na Jairus, aliyepiga simu kulalamika kwamba wageni wanakaliwa Nakuru kama yeye si mtu. Mgeni wa kwetu haondoki mikono mitupu, na zawadi ya senje hairudishwi. Basi Mideva alipanda gari la Nanyuki akiwa amepakata jogoo mwekundu, mzima, miguu imefungwa kwa kitambaa.

"Huyu jogoo ameona Kenya kuliko sisi," Chepkirui alimwambia.

Hayo Maximilla aliyapata kwa simu asubuhi ya Jumamosi, akacheka, moyo ukatulia. Mchana wake alikuwa uwanjani akipiga mahindi kwenye turubai, na Nanjala amekuja kuazima ungo, simu ilipolia. Namba hakuijua. Akaikata. Ikalia tena, akaikata tena. Maximilla hakuwa anapokea namba ngeni, maana aliwahi kusikia kwamba ziko namba ukisema tu "halo" kila kilichomo kwenye simu yako kinahama. Ya tatu ukaja ujumbe. Akausoma polepole, midomo ikitembea: Mama ni mimi Mideva, simu zetu zimeibiwa, piga namba hii.

Akamwonyesha Nanjala.

"Ndio hao wenyewe," Nanjala akasema. "Wanaanzanga hivyohivyo, mama ni mimi, mama ni mimi. Ukipiga tu, umekwisha."

"Na jina la mtoto wamelitoa wapi?"

"Wanajuanga kila kitu hao."

Maximilla akaufuta ujumbe, kisha Nanjala akamwonyesha pa kubonyeza ili namba ile isiweze kumpigia tena. Akarudi kwenye mahindi yake akijisikia mwerevu. Alipiga gunia zima akiwa na huo werevu.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka Jairus alipopiga. Sauti yake haikuwa ya mtu mwenye wageni.

"Shemeji, hawa watoto uliwatoa kweli? Maji ya kunyonyolea kuku yamechemka mara tatu. Nimesimama steji tangu saa nane. Simu zao zote zimezimwa."

Maximilla aliketi juu ya mahindi. Lile "hadi leo" la kwenye mashine ya posho likamrudia, na sasa lilikuwa na mtoto wake ndani. Likafuata wazo baya zaidi: ule ujumbe. Kama si wa matapeli wa kawaida, basi ni wa waliomshika, na yeye ameufuta. Namba hakuikumbuka hata tarakimu moja. Alibonyeza simu kila mahali akiitafuta, akafika kwenye picha za mazishi ya mwaka juzi na hakujua amefikaje.

Elkanah alikwenda kituo cha polisi, wakamwandika na kumwambia asubiri. Bibi yake Chepkirui, aliyemlea na ambaye hataki hata kushika simu, aliambiwa tu kwamba mtandao ni mbaya. Maximilla hakula. Alichokuwa akikiona si Isiolo tena, maana Isiolo hakuijua. Alimwona Mideva akiwa mdogo na sare iliyomzidi, akimgeukia kabla ya kuingia darasani kuona kama mama bado yupo.

Kanisani kesho yake alisimama watu waliposimama na kuketi walipoketi. Ibada ilipoisha Elkanah alikwenda moja kwa moja kwa kijana wa kuchaji simu, kwenye kibanda karibu na lango. Simu ya Elkanah betri yake ilikuwa imevimba, haikai na moto, kwa hiyo wiki nzima hulala kwa huyo kijana na mwenyewe huiwasha Jumapili akishatoka kanisani, asome yaliyokusanyika, basi. Tangu Jumamosi hakuna aliyeikumbuka. Alirudi ameishikia mbali na uso, kama anavyoshika kila kitu cha kusoma.

"Mama Mideva," akasema. "Hawa watu wananiandikia mimi sasa."

"Watu gani?"

"Huyu anasema yeye ni mtoto wangu. Anasema mama amemfungia simu. Jana usiku akaandika, 'Baba, mwambie mama jogoo wa senje bado yuko hai.'"

Maximilla akamnyang'anya simu. Tapeli anaweza kujua jina la mtoto, lakini habari za jogoo hawezi kuzijua. Akapiga pale pale, kitambaa cha kanisa kimeteleza shingoni, na ilipopokelewa hakusema halo. Alisema, "Sema kitu."

"Mama, ni mimi."

Watu waliokuwa wakitoka kanisani walidhani amepokea habari ya msiba, kwa namna alivyochuchumaa. Alilia hadi Mideva upande wa pili akaanza kumbembeleza kama ndiye mama.

Kisha mambo yakatoka moja moja. Gari liliwashusha Nanyuki kando ya barabara, si steji alikosimama Jairus, nao wakawa wakibishana kwa Kimaragoli, ambacho Chepkirui alikiokota utotoni, ni upande gani wa kusimama. Mwanamume mmoja akawasikia, akawasalimia "mirembe", akawauliza habari za nyumbani kwa lugha iliyonyooka kabisa. Mideva akamuuliza, "Wewe ndiye umetumwa na Jairus?" Akasema ndiye. Akawapokea begi, na simu zilikuwa ndani ya begi zikichajiwa kwa betri ndogo ya kubebea. Akawaambia wamfuate, akavuka barabara, lori likapita katikati. Lilipokwisha kupita hapakuwa na mtu wala begi. Walibaki na jogoo, na pesa kidogo ambazo Chepkirui alikuwa ameficha ndani ya soksi.

"Mtu wa kwetu?" Maximilla akauliza kwa sauti ndogo.

"Alikuwa anaongea kama mjomba, mama. Hata nilimwita mjomba."

Maximilla akavuta kitambaa kukirudisha kichwani. Maneno yale ya barabarani yalikuwa yake mwenyewe.

"Namba ya Jairus ilikuwa ndani ya simu, siijui kwa kichwa," Mideva akaendelea. "Yako naijua, na ya baba. Mama mmoja mwenye mizigo ya nguo alituona tunalia, akatupa simu yake. Nikakupigia, ukakata. Nikaandika. Halafu hata kuingia haikuingia."

"Na mko wapi sasa?"

"Usikasirike."

"Mideva. Wapi?"

"Isiolo."

Elkanah, aliyekuwa ameinamia simu akisikiliza, alitazama pembeni akafunika mdomo.

Yule mama wa nguo alikuwa akirudi kwake Isiolo. Jioni ilikuwa inakaribia, na aliwaona si wa kuachwa barabarani. Simu akapewa mwenyewe, na sauti nzito ya mwanamke ikaja, tulivu, haina haraka.

"Mama Mideva, habari yako. Mimi Mama Guyo. Mimi ndio ile namba ulikuwa unakata."

"Nisamehe, dada. Nilidhani ni mwizi."

"Na mimi nilidhani wewe ni kiziwi. Nikasema, maskini hawa watoto, wana mama hasikii."

Maximilla alicheka machozi yakiwa bado njiani. "Wamekusumbua?"

"Wasichana hawana shida. Yule jogoo ndio shida. Ameamsha mtaa mzima. Asubuhi nimewaambia hawa, huyu sasa mimi namchinja, basi. Mmoja akaanza kulia, mmoja akaanza kucheka. Sasa yuko sufuriani. Wameniambia kwenu kuku akichinjwa mgeni haendi. Ni kweli ama wananidanganya?"

Maximilla alimtazama Elkanah. Elkanah naye akamtazama tu, bila kusaidia.

"Ni kweli," akasema.

"Basi bado wako hapa leo na kesho. Keshokutwa nawapeleka kwa dada yangu Marsabit, ana mbuzi. Ukikataa sema sasa."

Hapo lilikuwapo jibu moja ambalo Maximilla alikuwa amelibeba tangu kwenye mashine ya posho, na lilikuwa tayari mdomoni. Lakini jogoo wa wifi yake alikuwa ndani ya sufuria ya mwanamke huyu, na kwa ramani yake mwenyewe, mahali hapo sasa palikuwa na jiko.

"Mchuzi usiwe na pilipili sana," akasema. "Mideva tumbo lake humsumbua."

Usingizi wa mchana huo, kwenye mkeka karibu na mahindi, ulikuwa mtamu kuliko wote aliowahi kulala mwaka ule. Jioni Jairus alipiga kulalamika kwamba yeye sasa ataonekana mtu gani, na Maximilla akamwambia ale kuku wake asiongee sana. Nanjala alipokuja kurudisha ungo, akaulizwa vizuri ni wasichana gani wale, wa nani, wa lini. Akafikiri, akasema yeye alisikia kwa mtu wa Likuyani, na yule mtu alisikia kwa mtu. Pengine haikuwa Isiolo hata. Pengine ilikuwa Kongo.

Picha ziliingia wiki iliyofuata kwenye simu ya Elkanah, Jumapili. Ziwa dogo juu ya mlima, tembo kwa mbali, na wasichana wawili wamejifunga leso kichwani katikati ya wanawake warefu, wote wanatafuna.

Basi mzazi ambaye mtoto wake anachagua miji ya kutembelea, ajihadhari na haya:

Kuufuta mji kwa sababu ya neno la foleni, kabla hujauliza ni nani, lini na wapi.

Kuwapangia safari nzima kwa ndugu. Watamwona ndugu na albamu yake, nchi hawataiona.

Kumwambia mtoto kwamba anayezungumza lugha yenu ni mtu mwema. Huyo aulizwe maswali kama wengine, hata zaidi.

Kumpa mtu begi kabla hajataja jina lako wewe mwenyewe.

Kuweka simu zote begi moja.

Kukosa kuzijua namba za nyumbani kwa kichwa.

Kukata namba ngeni wakati mtoto yuko barabarani. Pokea, nyamaza, sikiliza kwanza.

Kufungia namba kwa ushauri wa aliyekuja kuazima ungo.

Jogoo mzima ndani ya gari, kama anaepukika. Kama haepukiki, asiachwe nyuma.